Nimetengenezewa titi, sasa sidiria zote zimenikataa. Mombasa kuna fundi anayeelewa?

MwalimuKisauni
Hamjambo dada zangu. Titi langu la kulia lilikatwa kwa ajili ya saratani, baadaye nikawekewa silikoni. Mshono umepona zamani na daktari ameniruhusu kuvaa chochote. Shida ni hicho chochote chenyewe.

La kulia limekaa juu, gumu, halitikisiki. La kushoto ni la kuzaliwa nalo, limenyonyesha watoto watatu na umri ushaliteremsha. Nikivaa sidiria, kulia titi linafurika juu ya kikombe, na waya badala ya kukaa chini ya titi unalipanda. Kushoto chini pamejaa, juu patupu, blauzi inaingia ndani. Nyumbani na dera langu sijali. Lakini darasani nikinyanyua mkono kuandika ubaoni sidiria yote inapanda, naanza kujivutavuta mbele za watoto wa watu.

Kilichonifanya niandike: juzi jioni nilivua nikakuta damu. Waya umetoboa kitambaa na kunikwangua mchana kutwa, sikusikia kitu, maana upande ule hauna hisia. Na hiyo ni sidiria mpya. Dukani nilipimwa vizuri tu nikaambiwa mimi ni 38C.

Kuna anayeshona kwa kipimo? Nikimpata nimwambie nini?

BintiLikoni
Pole sana mwalimu. Nenda Kongowea asubuhi wanapofungua mitumba mipya, tafuta zile za michezo zisizo na waya. Chukua kubwa kuliko saizi yako, 40 au hata 42, haitakubana.

FundiMwanaidi
Mwalimu, pole mamangu. Kabla ya sidiria, hicho kidonda kionyeshe kliniki. Ukiona wekundu, joto, uvimbe au majimaji, usingoje kupambazuke. Ngozi iliyofunika silikoni si ya kutibu kwa mafuta ya nazi. Na waya utoe. Mwenye hisia akichomwa hujisogeza, wewe utachomwa hadi uone damu.

BintiLikoni, umesema kwa nia njema mwanangu, na ya michezo isiyo na waya sina ugomvi nayo. Kubwa ndiyo hapana. Kinachoshika sidiria ni ukanda wa chini, si kamba za mabegani. Ukanda ukilegea, ukinyanyua mkono unapanda, na hilo ndilo analolilia mwalimu. Tena nyingi za michezo huvaliwa kwa kupitisha kichwani, na mtu aliyetolewa tezi za kwapa kwa ajili ya saratani mkono wake hauna raha ya kupanda huko juu. Halafu zinabana yote mawili kwa pamoja. Titi lake la kushoto litalala, silikoni hailali, tofauti ndiyo izidi kuonekana.

Sasa hiyo 38C. 38 ni ukanda, C ni kikombe. Wanapima chini ya matiti, wanapima matiti yenyewe pale yalipojaa, wanatoa. Tofauti ya inchi moja wanakupa A, mbili B, tatu C. Lakini tepu imezunguka kifua kizima, kwa hivyo zile inchi tatu ni za matiti mawili yaliyochanganywa. Kwa mtu ambaye yake yanalingana hakuna neno. Wewe umeuziwa wastani, na titi la wastani huna.

Mteja wa namna yako nampima kila upande kivyake, amesimama, bila sidiria. Kwanza upana: kutoka katikati ya kifua hadi titi linapoishia ubavuni. Kisha kutoka mkunjo wa chini kupanda juu kwa mbele. Silikoni mara nyingi msingi wake ni mpana, na waya wa kiwandani haukupindwa kwa ajili yake, ndiyo maana uliukalia. Halafu nachukua wanja nachora mkunjo wa chini, kulia na kushoto, namwita mwenyewe ajitazame kiooni. Wengi hushtuka, mistari miwili haiko sawa, mmoja uko juu ya mwenzake. Fundi akikata ukanda umenyooka kama wa dukani, lazima upande mmoja ukanyage titi.

Baada ya hapo ni mkasi tu. Kikombe cha kulia kifupi chini, kipana, na juu kimaliziwe kwa lesi inayovutika ili kisilikate titi. Cha kushoto kipewe mshono wa kusimama, na ndani, nusu ya chini, neti isiyovutika kabisa. Hiyo neti ndiyo inayonyanyua. Ukishalinyanyua la kushoto, kubwa la tofauti limekwisha na bado hujajaza kitu. Kitakachobaki utaziba kwa kipande chembamba cha sponji ndani ya bitana, mfuko wenye mdomo ubavuni ili ukitoe ukifua. Usikubali fundi akuambie ataliteremsha la kulia lifanane na mwenzake. Halishuki hilo.

Kamba pana, kila moja na kirekebisho chake. Ukanda wa chini upana wa vidole vitatu. Kitambaa cha pamba kinachogusa mwili, mishono iangalie nje, kile kibandiko cha saizi kikatwe. Sidiria ya sponji zima achana nayo, wakati wa kaskazi utatokwa na upele kabla ya adhuhuri, na wewe kule usikosikia hutajua kama ngozi imechubuka.

Watu wa viwanda hawakuanza jana kutudhania tuko sawa pande zote. Yule Mmarekani aliyebuni mdoli wa Barbie, Ruth Handler, alikatwa titi mwaka 1970. Akakuta matiti ya bandia ya kuvaa hayajali kulia wala kushoto, akaanzisha kampuni ya kuyatengeneza kila upande na lake. Mwenye duka anayekuambia "zote ni moja" mwambie hivyo.

MamaNyuki_Changamwe
Fundi, na sisi tuliotengenezewa kwa nyama ya mgongo? Kovu langu limelala pale pale ukanda unapopita, kulabu zinalisugua. Nikivaa usiku nageuka nagongwa.

FundiMwanaidi
Kulabu zije mbele, mamangu. Mgongo uwe kipande kimoja kipana bila mshono wa katikati, kipite juu na chini ya kovu, si ukingo wake ukae juu ya kovu. Ila ujue ya mbele haina zile safu tatu za kusogeza lastiki ikichoka, kwa hivyo mwambie fundi aweke safu mbili mbele, wengi wanakataa kwa uvivu. Na usiku vua, kama daktari hajakuagiza ulale nayo.

Zai_Mtopanga
Naongeza moja. Mimi walichukua nyama ya tumbo. Nilipoanza kunenepa, na titi nalo likanenepa! Ni mafuta ya tumbo yale, yanafuata tabia ya kwao. Msishone nyingi kwa mpigo.

FundiMwanaidi
Umesema kweli. Na kwa mwalimu ni kinyume: akinenepa la kushoto litakua, silikoni itabaki vile vile. Moja kwanza, ivae, ifue, ndipo tuzungumze ya pili.

MwalimuKisauni
Fundi ahsante, nimesoma mara mbili. Nilikwenda kliniki leo, ni mchubuko wa juu tu, wamenisafisha na kuniambia nisivae chochote cha kubana mpaka ukauke. Nimejichora kwa wanja kama ulivyosema. Mstari wa kulia uko juu kwa karibu upana wa kidole, na mume wangu anauliza nimeanza usanii gani. Swali moja: tuna sherehe ya shule, nitavaa gauni la kitambaa chepesi. Pamba tupu si itaonyesha mishono?

FundiMwanaidi
Itaonyesha. Kwa siku hiyo tu nitakuwekea bitana ya sponji jembamba mbele, mgongo ubaki pamba. Mchubuko ukishakauka kabisa njoo nayo ile 38C, usiitupe, kulabu na virekebisho vyake bado vizima na mimi nitavitumia. Gauni pia ulete, nione shingo yake inaishia wapi. Pa kunipata nimekutumia kwa ujumbe wa faragha.

BintiLikoni
Fundi, na mimi nitumie. Hiyo 42 yangu nayo inapanda.