Je, ni mtandao ulioyafunga maduka makubwa, au ni madeni?

Mpangaji wa Sinza

Ndugu wanajamvi, salaam. Lipo jambo linalonitatiza, na ningependa kusikia kauli za wenye uzoefu kabla sijamshauri dada yangu. Yeye huuza mashuka na mapazia kwa njia ya Instagram na WhatsApp, na mzigo wake anauhifadhi katika chumba kimoja cha nyumba anayoishi Tabata. Sasa amepata fremu katika jengo jipya la biashara, kwa sharti kwamba alipe kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mimi ninasita, kwa kuwa kila nisomapo habari za biashara za nje nakuta kampuni nyingine imefunga milango: Toys “R” Us ya Marekani, iliyouza vitu vya kuchezea watoto, mwaka 2018, Debenhams ya Uingereza mwaka 2021, na Bed Bath & Beyond, ambayo ilikuwa ikiuza mashuka hayo hayo, mwaka 2023. Sababu inayotolewa ni ile ile, kwamba wateja wamehamia mtandaoni.

Hapa kwetu nako tumeyaona. Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014, Nakumatt nayo ikaanguka. Supamaketi ya Uchumi ya Kenya iliondoka mwaka 2015, Game ikafuata mwaka 2022. Hata hivyo, siwakumbuki majirani zangu wakiacha kwenda dukani ili waagize unga na sabuni kwa simu. Tena Jumia, ambayo ndiyo iliyokuwa duka kubwa la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania mnamo Novemba 2019. Kama mtandao ndio unaoyala maduka, ni nani aliyeila Jumia? Naomba anayefahamu undani wa mambo haya anieleze ni kitu gani hasa kilichoyafunga maduka hayo, na kama dada yangu anapaswa kuogopa.

Daftari (Leicester)

Ndugu Mpangaji, kazi yangu ni uhasibu, na nimeifanya huku Uingereza kwa muda mrefu. Duka kubwa linapofungwa, mimi hutazama kwanza upande wa madeni katika mizania, ndipo nitazame simu za wateja.

Chukua Toys “R” Us. Mwaka 2005 ilinunuliwa na wawekezaji watatu, KKR, Bain Capital na Vornado, kwa takriban dola bilioni 6.6. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya mkopo, na mkopo huo hawakuubeba wao, bali waliitwisha kampuni yenyewe iliyonunuliwa. Kuanzia hapo kampuni ikawa inalipa riba inayokaribia dola milioni 400 kila mwaka, hata katika miaka ambayo Krismasi ilikwenda vizuri. Fedha hizo ndizo ambazo zingekarabati maduka yaliyochakaa na kujenga duka la mtandaoni lenye kueleweka. Tena kuhusu mtandao, mwaka 2000 ilitia saini mkataba wa miaka 10 wa kuuzia vitu vyake ndani ya Amazon, duka kubwa la mtandaoni la Marekani, na mkataba huo ukaishia mahakamani. Miaka ile ambayo wengine walikuwa wakijifunza kazi, yeye alikuwa amemkabidhi mshindani wake wateja.

Debenhams ni kisa cha namna nyingine, na ndicho kinachomhusu zaidi dada yako, kwa maana ni kisa cha kodi ya pango. Kampuni hiyo ilianzia mwaka 1778. Wawekezaji binafsi walipoichukua mwaka 2003, walijilipa gawio kubwa, kisha mwaka 2005 majengo 23 ya maduka yakauzwa kwa kampuni ya British Land kwa karibu pauni milioni 495, na Debenhams ikabaki humo humo ikiwa mpangaji kwa mikataba ya miongo kadhaa. Msomaji wa nyumbani huenda asijue kwamba mikataba ya huku, kwa desturi, hupitia kodi upya kila baada ya miaka 5, na kodi hiyo huweza kupanda au kubaki palepale, lakini haishuki. Juu yake kuna ushuru wa serikali za mitaa kwa majengo ya biashara. Wateja walipoanza kupungua, gharama hazikupungua pamoja nao. Mwisho wake, mapema mwaka 2021, kampuni ya nguo ya mtandaoni iitwayo Boohoo ilinunua jina na tovuti kwa pauni milioni 55, ikayaacha majengo yote na wafanyakazi wake, na milango ya mwisho ikafungwa mwezi Mei.

Sisemi kwamba mtandao hauna mkono. Kabla ya janga la korona, takriban sehemu 1 kwa 5 ya mauzo ya rejareja nchini Uingereza ilikuwa mtandaoni. Mapema mwaka 2021 ilivuka asilimia 37, na baadaye ikatulia juu kidogo ya robo. Ninachosema ni kwamba duka lisilo na deni lingeweza kupoteza robo ya wateja na likapunguza matawi kwa utaratibu, ilhali lenye deni huanguka likiwa bado lina wateja wengi kaunta.

Binti Mwanakwerekwe (Columbus, Ohio)

Kaka Daftari ameeleza vyema, ila naona ameusamehe mtandao upesi mno. Yapo maduka ambayo hata yangekuwa hayadaiwi senti yangekufa, nayo ni yale yaliyouza bidhaa inayoweza kupita kwenye waya. Blockbuster ilikuwa ikikodisha filamu, na ilifilisika mwaka 2010. Borders ilikuwa ikiuza vitabu na muziki, na ilifunga maduka yake yote mwaka 2011, baada ya kufanya kosa lile lile la kuiachia Amazon iendeshe mauzo yake ya mtandaoni. Kwa biashara za namna hiyo deni liliharakisha tu.

Kisha kuna Sears, ambayo kila nikipita mbele ya jengo lake moja lililobaki gofu hunishangaza upya. Kampuni hii ilijijenga tangu mwisho wa karne ya 19 kwa kuwauzia wakulima wa Marekani kwa katalogi: unachagua kwenye kitabu, unatuma fedha kwa posta, mzigo unakuja kwa treni. Ilikuwa na maghala, ilikuwa na orodha ya wateja, na ilijua namna ya kushughulikia bidhaa zinazorudishwa. Katalogi yake kuu ikafungwa mwaka 1993 kwa sababu ya hasara. Amazon ikaanzishwa mwaka 1994. Sears iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mnamo Oktoba 2018.

Nina jambo moja la kumwongezea dada wa Tabata. Katika majengo ya maduka ya huku, wapangaji wadogo hutia katika mikataba yao kifungu kinachosema kwamba duka kubwa linalovuta watu likifungwa, wao wanaruhusiwa kulipa kodi pungufu au kuondoka. Ndiyo maana jengo zima huweza kufa kwa sababu ya mpangaji mmoja. Aulize ni nani mpangaji mkubwa wa jengo hilo, na iwapo huyo mkubwa ataondoka, mkataba wake yeye unasemaje.

Msambazaji (Thika)

Wenzangu mmezungumza ya Ulaya na Marekani. Niruhusuni niyarudishe Afrika Mashariki, kwa kuwa mimi nilikuwa upande wa pili wa rafu.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikipeleka juisi na yogati katika supamaketi moja ambayo sitaitaja. Biashara yote ilikuwa ya mali kauli: napeleka mzigo leo, napewa karatasi iliyogongwa muhuri, fedha nitalipwa baadaye. Mwanzoni “baadaye” ilikuwa siku 30. Ikawa 60, ikawa 90, na mwaka wa mwisho nilikuwa nakaribia miezi 6, ilhali mfugaji aliyeniletea maziwa alitaka fedha zake kila Ijumaa. Yogati yangu iliuzwa kwa fedha taslimu ndani ya wiki moja, kwa hiyo kwa miezi mitano iliyobaki mwenye duka alikuwa akitembea na fedha zangu. Alizifanyia nini? Alifungua matawi. Kila tawi jipya lilijazwa kwa mali kauli ya wasambazaji kama mimi, na mauzo ya tawi hilo yakalipa madeni ya matawi yaliyotangulia. Mpango wa namna hii unakwenda vizuri maadamu unaongeza matawi. Siku ukisimama, shimo linaonekana.

Dalili za mwisho nilizijua kabla ya magazeti. Maneja wa tawi akaacha kupokea simu. Hundi moja ikarejeshwa na benki. Kisha nikaona chupa za maji zimepangwa mstari mmoja tu ukingoni mwa rafu, ili anayepita asione kwamba nyuma yake hakuna kitu. Mteja akikosa unga na mafuta mara mbili hatarudi mara ya tatu, na huyo hakuhamia mtandaoni. Alivuka barabara akaingia duka la pili.

Sasa niache yangu, nitaje yaliyo wazi kwa kila mtu. Nakumatt, iliyoanza kama duka la magodoro mjini Nakuru, ilifikisha maduka zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Iliposhindwa kulipa madeni, iliwekwa chini ya msimamizi mnamo Januari 2018, na miaka 2 baadaye wadai walipiga kura ivunjwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Tuskys, supamaketi nyingine ya Kenya, ikaishiwa nguvu kuanzia mwaka 2020. Lakini katika miaka hiyo hiyo, huko huko Kenya, ambako watu wamekuwa na M-Pesa tangu mwaka 2007, Carrefour ilifungua duka lake la kwanza huko Karen, Nairobi, mwaka 2016 na ikaendelea kuongeza mengine, na Naivas imevuka matawi 100. Kama simu ndiyo iliyoua, ingewaua wote.

Mzigo Umefika (Kariakoo)

Ndugu Mpangaji aliuliza ni nani aliyeila Jumia, na naona swali limepitwa. Jibu langu ni la mtu wa mtaani, si la mchumi.

Duka la mtandaoni la aina ile linahitaji ghala, magari, watu wa simu na namna ya kupokea bidhaa zinazorudishwa, na yote hayo yalipiwe na faida ya bidhaa moja moja. Mteja wetu hulipa mzigo ukishafika, baada ya kuufungua. Akiukataa, gharama ya kwenda na kurudi ni yako. Anwani yake ni maelezo: ukifika msikitini kata kushoto, uliza kwa mama muuza chapati. Kenya walikuwa na Copia, iliyopokea oda vijijini kupitia mawakala wenye maduka madogo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa imeielewa nchi kuliko zote. Nayo ikawekwa chini ya msimamizi mnamo Mei 2024.

Kilichobaki ni namna ya dada yako. Huku Kariakoo asubuhi utawaona mabinti wakipiga picha mashuka yaliyomo ndani ya maduka ya watu wengine. Picha zinapanda Instagram, mteja wa Mbeya anatuma fedha kwa simu, binti anarudi kuchukua shuka kwa mwenye duka kwa bei ya jumla, anamkabidhi bodaboda, na boda anaupeleka mzigo kwenye basi. Mteja ananunua kwa mtu ambaye anaweza kumpigia na kumlaumu. Kwa hiyo nyuma ya kila biashara ya simu ninayoijua lipo duka lenye mlango, ila mara nyingi si la muuzaji, na halipo kwenye jengo la vioo.

Mapazia yana shida yake pia. Shuka nitaliuza kwa picha, lakini pazia lazima mtu aguse kitambaa, aone kama mwanga unapenya, na dirisha lipimwe. Kwa sababu hiyo simkatazi kuwa na mahali. Namshauri achangie fremu na mwenzake ghorofa ya pili au ya tatu huku Kariakoo, ambako kodi ni nafuu, aweke sampuli na cherehani moja, na mzigo mwingine ubaki Tabata. Wateja wake wamekwisha kumfahamu kwa simu, watapanda ngazi. Kodi ya chini barabarani hulipiwa wapita njia, na yeye hawategemei hao.

Mpangaji wa Sinza

Nimewasoma wote na ninashukuru sana. Jana tulikwenda kulitazama lile jengo tena, tukiwa na swali la Binti Mwanakwerekwe. Nafasi kubwa ya chini bado ni tupu, na msimamizi alitueleza kwamba supamaketi “iko njiani”, bila kututajia jina. Tuliomba kulipa miezi 3 kwanza. Alishuka hadi miezi 6 na akakataa kuandika chochote kuhusu huyo mpangaji mkubwa. Dada amesema hatatoa fedha kwa jambo lililo njiani.

Ndugu Mzigo, ameniagiza nikuulize hiyo fremu ya kuchangia: mkataba huwa kwa jina la nani, na umeme mnagawanaje?

Mzigo Umefika (Kariakoo)

Mkataba mara nyingi huwa kwa jina la mmoja, na hapo ndipo watu wanapogombana. Ajitahidi majina yote mawili yaandikwe. Mwenye fremu akikataa, basi yeye na mwenzake waandikishiane pembeni, kila mmoja na kiasi alichotoa, wapeleke karatasi ofisi ya serikali ya mtaa igongwe muhuri. Umeme ni wa LUKU, mnachanga. Ila mwenye cherehani huwa anaongeza kidogo, nasi tumezoea hivyo.