Mwekezaji anataka aongezewe ghorofa mtaani kwetu New York, niunge mkono au nipinge?

MamaPacha: Habari zenu wadau, naombeni ushauri. Naishi New York mwaka wa 9 huu, tumepanga flati na watoto wawili. Wiki ijayo kuna kikao cha bodi ya mtaa, mwekezaji ana kiwanja nyuma yetu anataka abadilishiwe kanuni ajenge jengo refu kuliko linaloruhusiwa, na yeye ataacha uwanja wa watu kupumzika pale chini na flati kadhaa ziwe za bei nafuu. Majirani wamegawanyika, wengine wanalia na kivuli, wengine wanasema kodi imetuua acha zijengwe. Nina dakika mbili tu za kuongea, niseme nini jamani?

mtoto_wa_tanga: Dada hizo flati asikuuzie kama zawadi. Tangu 2016 jiji lina sheria, eneo likibadilishiwa kanuni ili zijengwe nyumba nyingi zaidi, kwa kawaida sehemu ya flati inabidi iwe ya bei nafuu, moja kwa moja, sio miaka kumi halafu basi. Kuna machaguo, mfano robo ya jengo iwe ya watu wenye kipato cha wastani wa asilimia 60 ya kipato cha kati cha eneo, au asilimia 30 ya jengo kwa wenye wastani wa asilimia 80. Na hicho kipato cha eneo kinapigwa hesabu pamoja na vitongoji vya nje ya jiji wanakoishi wenye nazo!! Kwa hiyo uliza ni chaguo lipi, na wa mshahara kama wako atapata?

Mlinzi77: Mimi niseme la uwanja maana limenigusa. Nimelinda jengo moja Manhattan lenye uwanja kama huo miaka minne, bango linasema wazi kwa umma ila msimamizi akatwambia mtu akikaa sana mwondoe, hasa mwenye mabegi. Nimewanyanyua wazee wa watu pale, mpaka leo inaniuma. Usikubali neno uwanja likiwa tupu, uliza viti vingapi, unafunguliwa saa ngapi, na nani atakuja kukagua.

mtoto_wa_tanga: Kaka hujakosea. Hiyo biashara ya kutoa uwanja ili upewe ghorofa ilianza 1961, sehemu zenye majengo makubwa futi moja ya mraba ya uwanja ilikuwa inakupa hadi futi 10 za mraba za ofisi juu. Viti vyenyewe vilikuja kulazimishwa 1975. Profesa wa mipango miji Jerold Kayden akazikagua nafasi za hivyo 503 kitabu kikatoka 2000, asilimia 41 hazikuwa na maana kubwa kwa umma.

Zuhura_B: Mi nisingepinga, nyumba hazitoshi. Unga mkono kwa masharti. Ila jua kura ya bodi ni ushauri tu, baada yake linakwenda kupigiwa kura baraza la jiji, na diwani wenu yumo humo, mwandikie na yeye.

MamaPacha: Asanteni sana. Nitaunga mkono, ila nitauliza chaguo lipi, viti na saa, na nani anakagua. Kaka Mlinzi pole, hilo la wazee nitalisema.

Mlinzi77: Lichapishe pia uwaachie karatasi, dakika mbili huwa wanakukata katikati.