Medi-Share au Samaritan (vikundi vya Kikristo Marekani vya kuchangiana bili za hospitali) kwa familia ya watu wanne?

dereva_texas: Wakuu habari, nimeacha ajira naendesha lori langu mwenyewe so bima ya kazini ndo imekwisha hivyo. Bei ya Marketplace (soko la bima za afya la serikali huku Marekani) imenitisha, watu wa kanisani wananiambia niingie hizi za kuchangiana bili. Ipi afadhali? Mke ana kisukari, watoto wako fiti.

mamaneema: Pole kaka. Hapo kwenye kisukari simama kwanza. Hizi SI BIMA, hakuna sheria inayowalazimisha walipe, na ugonjwa uliokuja nao wanaweza wasiuchangie kabisa au usubiri miaka. Bima ya Marketplace tangu 2014 hairuhusiwi kumkataa mtu wala kumpandishia bei kisa anaumwa.

mzee_wa_bili: Tofauti yake, Samaritan unatuma hela moja kwa moja kwa mwanachama mwenye bili, na hospitali unahesabika mtu wa kulipa kesh so bei unabishana nao mwenyewe, kama huwezi kubishana utalia. Medi-Share ina mtandao wa madaktari ila kuna kiasi cha mwaka unamaliza mwenyewe kwanza ndo wenzio waanze kuchanga. Zote za Kikristo, na sigara hapana.

mamaneema: Si lazima muwe sehemu moja jamani. Mke mtafutie bima, watoto waulizie CHIP (bima ya serikali ya watoto), wewe ndo uchangiane huko. Na ukipoteza bima ya kazini una siku 60 tu za kuomba Marketplace, hata kama uliacha mwenyewe.

dereva_texas: Siku 60?? Acha nikaangalie tarehe sasa hivi, asante dada.