Re: Mkeka wa umeme chini ya vigae, bafu la Mama, Dodoma

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Nyumba ya Ilazo imefika kwenye vigae. Mama anateswa na sakafu ya bafu alfajiri za Juni na Julai. Huku Marekani kuna mkeka wa kupasha joto, wati 600, volti 120. Nimkabidhi anayesafiri Ijumaa?
Dada wa Houston

---

Dada, huo usiutume kabisa. Nyumbani ni volti 230. Waya wa volti 120 ukipewa 230, nguvu inakaribia kuzidi mara nne: wati 600 zinakuwa kama 2,200, na waya unaungulia ndani ya gundi ya vigae, mahali ambapo huutoi bila kuvunja vigae. Tafuta wa volti 230. Wa 240 wa hukohuko nao unafaa. Utapungua nguvu kama asilimia 8 tu.

Pima sakafu iliyo wazi, uache chini ya choo na kabati. Kwa wati 150 kila mita ya mraba, mita 4 ndizo hizo wati 600, ampea 2.6. Ukiwaka saa mbili mfululizo unakula uniti 1.2 za LUKU.

Juu ya zege zitangulie bodi za kuhami joto, milimita 10. Mafundi wakiziruka, joto linazama kwenye zege, na Mama atamaliza kuoga kigae bado baridi.
Kaka wa Leicester

---

Naongezea upande wa fundi, niko hapa Dodoma. Mkeka ukifika ukutani, kata wavu unaoshikilia waya, ugeuze. Waya wenyewe haukatwi, haupishani. Kiungio cha waya wa joto na ule wa kawaida kifunikwe chote na gundi. Gundi ikiacha uwazi, hapo waya unapata moto kupita kiasi na kufa.

Pima kwa multimita mara tatu: ukiwa kwenye boksi, ukishatandazwa, vigae vikishakaa. Wati 600 kwa volti 230 isome ukinzani wa karibu ohm 88. Ikibadilika, simamisha kazi. Pima pia kwa mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja) kati ya waya na athi, yaani waya wa ardhini.

Sensa ya joto la sakafu iingie kwenye bomba lililozibwa mwisho, katikati ya mistari miwili ya waya, ili ikiharibika ivutwe. Themostati, yaani swichi inayodhibiti joto, ikae nje ya bafu, na RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 ni lazima, si hiari. Tafadhali msikaushie gundi kwa kuuwasha, inapasuka. Fuateni siku zilizoandikwa kwenye mfuko wa gundi.