Nikon Zf: mmechukua sura ya FM2 mkaacha akili yake

Wakuu salaam.

Nimesoma sifa za Nikon Zf, kamera ya kidijitali iliyovaa sura ya FM2, kamera ya filamu ya Nikon ya zamani, mpaka nimechoka. Kila anayeishika anaandika ina mvuto, inamrudisha enzi zile, halafu anaweka picha ya kamera yenyewe ikiwa juu ya meza ya mbao, pembeni kikombe cha kahawa. Sawa, ina mvuto. Mimi naitumia, na hasira yangu inatokana na jinsi ilivyo nzuri kwa ndani. Ingekuwa kamera mbovu ningeiuza nikanyamaza. Hii ni kamera bora ambayo watu walikaa mezani wakaamua ipendeze kwanza, kazi itafuata baadaye.

Nianze na haki yake, asije mtu akasema nina chuki binafsi.

Ilitangazwa Septemba 2023. Ina sensa ya ful fremu (ukubwa wa fremu ya filamu ya 35mm) ya megapikseli 24.5 na prosesa ya EXPEED 7, ileile iliyomo kwenye Z8 na Z9, kamera za juu za Nikon ambazo bei zake tunazijua. Kwa sisi tunaopiga picha ukumbini usiku hilo si jambo dogo. Mtu mweusi amesimama kwenye giza, taa ya zambarau inampiga shavu moja tu, fokasi inashika jicho lake na haimwachii. Bodi, yaani kamera bila lenzi, inatuliza mtikisiko wa mkono kwa kiwango cha stopu 8 (kila stopu ni mara mbili ya mwanga), na ina uwezo wa kuelekeza utulivu huo pale fokasi ilipo badala ya katikati ya fremu. Robo sekunde bila stendi inawezekana kabisa.

Kinachonifurahisha kuliko vyote ni jinsi inavyozichukua lenzi za zamani. Unafunga lenzi ya kuzungusha kwa mkono, ya miaka ya themanini, na kamera bado inatambua uso na jicho. Ukikuza picha inakupeleka palepale kwenye jicho, wewe unamalizia kwa kuzungusha. Na ile swichi ya nyeusi-na-nyeupe iliyo chini ya gurudumu la shata, lile la kupanga kasi ya kupiga, kuna waliosema ni mchezo wa watoto. Waende nayo Kariakoo saa nane mchana jua likiwa utosini, waone jinsi inavyokulazimisha kutafuta kivuli badala ya kukimbizana na rangi za vitenge.

Kwa hiyo injini ipo. Sasa tuje kwenye upuuzi.

Kadi. Kamera ina matundu mawili ya kadi, na wauzaji wanakwambia hivyo wakiwa wametabasamu. Muuzaji mmoja hapa mjini nilimuuliza nikiwa dukani kwake, "Kaka, hayo matundu mawili yakoje?" Akajibu, "Mawili bosi, kazi ya harusi hii hapa," akaishia hapo. Hakusema kwamba tundu moja ni la SD ya kawaida na la pili ni la microSD, ile kadi ndogo ya simu. Hakusema kwamba tundu la SD ni UHS-II, linaloweza kufika megabaiti 312 kwa sekunde, wakati la kadi ndogo ni UHS-I, mwisho wake 104. Ukipanga kamera iandike kadi zote mbili kwa pamoja, kama anavyopaswa kufanya kila anayelipwa kupiga harusi ya watu, ile ya polepole ndiyo inayoamua mwendo. Unapiga mfululizo bibi harusi anaingia, kumbukumbu ya kamera inajaa, shata inasita, na yeye hakusubiri.

Halafu matundu yenyewe yako wapi? Chini, ndani ya mlango wa betri. Fikiria kamera iko kwenye stendi, misa inaendelea, unataka kutoa kadi. Unafungua bamba la stendi kwanza. Unageuza kamera tumbo juu. Unafungua kamlango, betri inakutazama, na kadi zimejibana pembeni yake. Ile SD unaibonyeza inaruka juu kidogo, unaivuta. Ile ndogo uibonyeze kwa ncha ya kucha, uidake kwa ncha za vidole viwili, kwenye nafasi ambayo hata kidole kimoja cha mtu mzima hakienei vizuri, tena gizani, na jasho la Dar mikononi. Kadi yenyewe ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Ikidondoka kwenye nyasi za bustani ya ukumbi, mtaitafuta na tochi za simu mpaka wageni waondoke.

Na msiniambie waliteleza mara moja. Nikon Df ya mwaka 2013, kamera yao ya kwanza ya kidijitali yenye sura ya zamani, ilikuwa na kadi moja tu, chini, kwenye chumba cha betri. Zfc ya 2021, kadi moja, kwenye chumba cha betri. Zf ya 2023, chumba kilekile, wakaongeza kakadi ka simu pembeni. Miaka kumi! Fujifilm X-T5 ya mwaka 2022, nayo ni mirolesi (kamera isiyo na kioo cha kuakisi ndani) ya sura ya zamani, ina matundu mawili ya SD, yote UHS-II, pembeni mwa kamera, ilhali bei yake ilipotoka ilikuwa dola 1,699. Zf ilianza kwa karibu dola 2,000 bodi tupu. Nikon walipata muda wa kutuletea ngozi za rangi sita, kuanzia bluu ya nili mpaka kijivu cha jiwe. Muda wa kuhamisha kadi haukupatikana.

Lakini kinachoniuma zaidi ya kadi ni hiki. Hii kamera imejengwa kwa sura ya FM2 ya mwaka 1982. Wenye umri wetu tunaijua FM2. Ilikuwa ya makenika mtupu, betri kazi yake kupima mwanga tu, betri ikifa unaendelea kupiga. Mtu akiishika aliona kila kitu kwa jicho hata kamera ikiwa begani: shata pale juu kwenye gurudumu, apecha, yaani upana wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga, pale kwenye pete ya lenzi. Ukiangalia mara moja umejua picha itatokaje. Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya zile kamera, na kila gurudumu lililokuwepo lilikuwa na sababu yake.

Zf imeleta magurudumu ya shaba, mazuri, yanabofya vizuri mkononi, hilo nawapa. Pete ya apecha hawakuleta. Lenzi za SE (toleo maalum), 40mm f/2 na 28mm f/2.8, zimechongwa zifanane na Nikkor za enzi hizo, mpaka vibonyeo vya pete ya fokasi vimeigwa. Ukizishika ni plastiki, hata sehemu ya kufungia kwenye bodi ni plastiki. Na pete iliyopo ni moja, haina namba wala haigongi. Unaweza kuipa kazi ya apecha kwenye menyu, basi unazungusha hewani, hujui uko f/2 au f/5.6 mpaka uangalie kwenye kioo au kwenye kale kadirisha kadogo juu ya kamera kanakoonyesha namba ya f. Kadirisha ka kidijitali katikati ya magurudumu ya shaba!

Magurudumu nayo yanasema uongo. Ukiwa kwenye A, ambapo wewe unachagua apecha na kamera inachagua kasi ya shata, gurudumu la shata halifanyi kazi yoyote. Limesimama pale linasema 1/125 na kamera inapiga 1/30. Gurudumu la ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) ukiliweka C, namba zote zilizochongwa pale zinakuwa pambo, ISO inabadilishwa kwingine. Sasa nimelipia namba zilizochongwa ili nisizisome? Kwenye Fuji gurudumu la shata unaliweka A, unasoma A, umeelewa, na lenzi zao nyingi zina pete ya apecha ya kweli. Kamera zao zina udhaifu wake, sensa ni ndogo, lakini ukisoma gurudumu unaambiwa ukweli.

Kushika. Bodi ni gramu 710 na betri na kadi. FM2 ilikuwa 540. Mbele kuna kijinundu ambacho kidole kinatafuta bila kukipata. Ukiwa na 40mm haina neno. Funga lenzi ya 24-70 f/2.8 S ya gramu 805, umebeba kilo moja na nusu kwa kubana ncha za vidole, masaa sita ya sherehe. Mkono wa mtu umekosa nini? Kijiti cha kusogeza fokasi nacho hakuna, unabonyeza mishale ya nyuma kama unacheza nyoka kwenye simu ya zamani, wakati X-T5 ndogo kuliko hiyo inacho.

Video sina la kusema sana. 4K ya fremu 30 ni safi, ya 60 inakata picha pembeni. Shata ya kimya kwenye taa za LED za kumbi zetu italeta mistari, sensa haisomi haraka kama ya Z8, kwa hiyo kanisani mjiandae na mlio wa shata ya kawaida.

Kwa anayepiga kwa mapenzi yake, matembezi, familia, safari, na lenzi moja ndogo, kamera hii itampa raha na sitamzuia. Atoe picha, aone nyeusi-na-nyeupe zake. Ila hawa wanaowapelekea vijana wetu wanaoanza kazi za sendoff na kuwaambia hii ni kamera ya kazi, mamilioni ya shilingi ya mtu yanaondoka kabla hajanunua lenzi, waache. Waseme kadi iko wapi. Wamfungulie mteja ule mlango wa chini pale pale dukani, aingize kadi ndogo na kuitoa mwenyewe, ndipo wahesabu pesa.

Na Nikon, mkitoa ya pili, sitaki rangi mpya. Nataka SD mbili pembeni, kijiti cha fokasi, na lenzi zenye pete ya apecha iliyoandikwa namba.

Mwenye kishikio cha kuongezea cha Zf naomba atupie picha ya upande wa chini. Nataka kuona kama mlango wa betri unafunguka bila kukifungua kwanza, na kama bado kinakaa kwenye stendi.