Kurekodi safari za pikipiki kwa bajeti ndogo: tupeane uzoefu

VumbiJekundu
Wakuu, kwema? Ukiuliza habari za video za pikipiki unajibiwa kwa orodha ya kamera. Leo tuziache kamera. Nataka kuwasikia mnaorekodi kwa vifaa vya kuungaunga: simu ya zamani, kamera ya mtumba, laptopi inayohema. Kipi kilikusaidia, kipi kilikula hela bure?

Naanza. Kwangu kilichobadilisha kila kitu ni mahali kamera inapokaa. Juu ya helmeti inakuwa kama pembe: upepo unavuta shingo, na picha haifanani na anachokiona dereva. Nilipoihamishia kidevuni (nina helmeti inayofunika uso mzima) ikaanza kuona mikono, usukani, dashibodi na barabara kwa pamoja, na mtazamaji anajihisi ndiye aliyeshika klachi. Kishikizo cha kidevu ni plastiki na mkanda tu, bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kamera.

Ukitumia cha gundi, osha helmeti kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke kabisa, bandika, halafu iache saa 24 ndipo utoke. Ongeza kamba ya usalama, maana gundi haitoi taarifa kabla ya kuachia. Usitoboe helmeti kuweka skrubu. Na ziko nchi zinazobana vitu vya kubandika kwenye helmeti, kwa hiyo ulizia kwanza.

Kokoto
Simu kwenye usukani, jamani, hapana. Yangu ilianza kuhangaika kutafuta fokasi hata nikiwa nimesimama, picha inaingia ukungu, inarudi, inaingia tena. Baadaye ndipo nikaelewa sababu: simu nyingi za siku hizi zina lenzi inayosogezwa kwa sumaku ndani ya kamera ili kutuliza mtikisiko wa mkono. Mtikisiko wa injini ni mwingine kabisa, ni wa kasi na hauishi, na unaichosha mitambo hiyo. Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2021 kuhusu kufunga simu zao kwenye pikipiki zenye injini kubwa, na hata kwa zile ndogo wakashauri kishikizo chenye raba ya kumeza mtikisiko.

Siku hizi simu naifunga kifuani kwa mikanda. Mwili unameza mtikisiko mwingi kabla haujafika kwenye kamera. Tena ile hali ya picha kuyumba kama maji imepungua sana. Inatokea kwa sababu kihisi, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, kinasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo kikitikisika katikati ya kusoma, mistari ya juu na ya chini haikai sawa.

Gia_ya_Tano
Nyote mmeongelea picha. Mimi nasema sauti. Mtu atavumilia picha hafifu dakika kumi, lakini upepo ukinguruma masikioni mwake anafunga kabla hujamaliza kujitambulisha.

Maiki ya kamera iliyo nje ya helmeti, ukishapata kasi, haisikii kingine zaidi ya upepo. Yangu ni ile ya kubana kwenye kola, ya bei ya chini kuliko zote nilizoziona. Nimeivisha sponji, nikaipitisha chini ya mto wa shavu mpaka pembeni mwa mdomo, ndani ya helmeti. Waya unashuka kwenye simu ya zamani iliyo mfukoni inayorekodi sauti tu. Kabla ya kuondoka nawasha kamera na simu, napiga kofi moja mbele ya lenzi. Wakati wa kuhariri natafuta mshindo wa kofi kwenye sauti zote mbili, nazipanganisha, basi. Jaribu kwanza kwa kasi ile ile utakayoendesha, maana sauti iliyo safi mtaani inaweza kuwa takataka barabara kuu.

Ukitaka mlio wa injini, weka kinasa kingine nyuma, chini ya siti, upepo usipofika, mbali na bomba la moshi lisikiunguze. Dakika chache zinatosha, sehemu nyingine za video utazichanganyia mlio huo huo.

Mama_Wawili
Gia, kaka yangu, hilo la kuongea huku naendesha limenishinda. Nikianza kuieleza kamera mambo, barabara naisahau. Narekodi kimya, nikifika nyumbani naingia kabatini katikati ya nguo zinazoning'inia na simu yangu, nasimulia nikiwa natazama klipu. Nguo zinameza mwangwi, sauti inatoka nzito na safi. Wanangu wananicheka.

Faida nyingine ni kwamba nasema maneno machache. Barabarani mtu unaropoka.

LaptopiKilema
Nijibu upande wa kuhariri, jina langu linajieleza.

Kwanza, punguzeni mzigo tangu kwenye kamera. Ubora wa picha wa 1080p, fremu 30 (yaani picha 30) kwa sekunde, unatosha kabisa kwa mtazamaji wa simu. Ikiwa unarekodi kwa megabiti 60 kwa sekunde (megabiti nane ni megabaiti moja), saa moja inakula takriban gigabaiti 27. Memori kadi tafuta yenye alama ya V30 au U3, maana yake inaandika angalau megabaiti 30 kila sekunde bila kushuka. Ukikuta kamera imekata video vipande vya gigabaiti 4, haijaharibika. Ni mfumo wa faili wa FAT32, yaani namna kadi inavyopanga faili zake, hauruhusu faili kubwa zaidi ya hapo.

Pili, proksi. Programu inatengeneza nakala nyepesi za klipu, unakata hizo, mwishoni inatoa video kutoka kwenye klipu halisi. Shotcut na Kdenlive ni za bure na zina proksi. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure lenye nguvu sana, ila inadai kompyuta ya maana, kwa yangu feni ililia kwanza. Kwa kutuliza mtikisiko kuna Gyroflow, bure pia, inatumia data ya jairoskopu (kihisi kinachopima jinsi kamera inavyogeuka) iliyorekodiwa na kamera yenyewe, kwa hiyo hakikisha kamera yako inaihifadhi.

Sasa kukata, na hapa nitawaudhi. Safari ya saa mbili, hakuna anayetaka kuona hata dakika ishirini zake. Mimi klipu inabaki ikiwa kuna kitu kimebadilika: lami imeisha, mvua imeanza, kona imefunua bonde, mtu amepunga mkono. Barabara nzuri iliyonyooka, hata kama ulifurahia kuipita, kata. Utaumia, kata.

Kokoto
Na picha za pembeni mwa barabara je? Unasimamisha kamera juu ya jiwe, unarudi nyuma, unapita mbele yake, unarudi kuichukua.

LaptopiKilema
Mkuu, hizo ni dhahabu. Chache tu, lakini bila hizo mtazamaji hajui hata pikipiki yako ina rangi gani. Usiziwekee tu mahali ambapo itabidi ugeuze kwenye kona kipofu. Na kama uko na wenzako, waombe mapema, kundi zima kusubiri mtu mmoja apite mara tatu kunaleta ugomvi.

Mama_Wawili
Niongeze la usalama wa aina nyingine. Video zangu hazianzii getini. Naanza kuonyesha nikiwa mbali na nyumbani, nafifisha namba za magari na nyuso za watoto. Spidomita nayo mnaijua, ikionekana imepita kikomo umejitolea ushahidi mwenyewe. Na muziki chukueni kwenye maktaba ya sauti ya YouTube, ni bure, ila someni masharti ya kila wimbo, baadhi ya nyimbo zinataka umtaje msanii. Ukitumia wimbo maarufu, mfumo wao wa Content ID unautambua, na mapato ya video yanaweza kwenda kwa mwenye wimbo.

VumbiJekundu
Gia, hiyo sponji ya maiki ni ya kununua au hata ya kuoshea vyombo inafaa?

Gia_ya_Tano
Ya vyombo inafaa, upande laini tu. Ule mgumu unakwaruza na maiki inasikia. Ioshe sana kwanza, itakaa karibu na pua yako safari nzima.