Mafunzo ya ubunifu kwa viongozi: ya mtandaoni au ya kukaa chuoni?

Nanga: Wakuu, nawasalimu. Mwajiri wangu ameniruhusu kuchagua mafunzo ya uongozi wa ubunifu unaotumia teknolojia zinazoibukia. Nimebakiwa na mawili: kozi ya mtandaoni ya wiki sita, na programu ya kukaa chuoni kwa wiki moja. Ipi ina manufaa zaidi?

Mizani: Ndugu mleta mada, kwa maelezo hayo huwezi kushauriwa ipasavyo. Unasimamia bajeti, au unapendekeza tu kwa walio juu yako? Kuna mradi unaokusubiri ukirudi?

Kipepeo: Nenda chuoni. Ufundishaji kwa visa halisi vya biashara, ambao Harvard Business School imeutumia tangu miaka ya 1920, unategemea mabishano: unatetea uamuzi wako mbele ya watu wa sekta nyingine, nao wanakubana hadi uone ulipokosea. Video haimbani mtu.

Mwamba: Inategemea chuo. Niliwahi kuhudhuria programu ya namna hiyo katika taasisi ambayo sitaitaja, na wiki nzima tulioneshwa roboti na miwani ya uhalisia pepe, kila mtoa mada akisifu alichokileta. Hakuna aliyetufundisha namna ya kusitisha mradi wa majaribio usiozaa matunda, wala nani awajibike pale mfumo wa akili mnemba unapomnyima mteja mkopo kimakosa, wala namna ya kuunganisha data ambazo kila idara imezifungia kwake. Niliporejea, bodi iliuliza tuanze na lipi, na mafunzo yale hayakunipa jibu. Tangu hapo nauliza kwanza iwapo washiriki wanaleta tatizo la taasisi zao na kulifanyia kazi darasani.

Kipepeo: Pole sana. Hata hivyo, teknolojia yenyewe si kikwazo kikuu. Mhandisi Steven Sasson aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975 ndani ya Kodak, kampuni ya Marekani iliyotajirika kwa filamu za kupigia picha, na bado mwaka 2012 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Ujuzi ulikuwepo, viongozi ndio waliosita.

Mizani: Hapo sikubaliani nawe kikamilifu. Kodak iliuza kamera nyingi za dijitali, ila faida yake haikufikia ile ya filamu, kisha simu zikachukua nafasi ya kamera. Wakufunzi wengi huisimulia habari hiyo kana kwamba watu walilala tu, na kiongozi anaondoka na funzo jepesi mno.

Nanga: Ahsanteni. Nasimamia uendeshaji na bajeti ya idara ni yangu, lakini mradi haujapitishwa.

Mwamba: Basi omba ratiba ya kila siku ya programu hiyo, pamoja na nyadhifa za waliohudhuria awali.

Mizani: Na ile ya mtandaoni, yupo mkufunzi anayesoma kazi zenu na kuzitolea maoni, au ni maswali ya kuchagua jibu tu?

Nanga: Hilo sijauliza. Nitawaandikia kesho.